Kale kamfuko kijivu kwenye ukuta wako kana mwenyewe

Kabla hujaendelea, inua macho. Angalia pale ukuta unapokutana na dari, hasa ile kona ambayo ufagio haufikangi. Angalia nyuma ya mlango, kando ya swichi, na bafuni juu ya bomba. Kama unaishi nyumba ya kupanga Bungoma, Webuye ama Kitale, kuna uwezekano mkubwa utaona kadude kamejibandika hapo: bapa, kijivu kama simiti, kamechongoka ncha zote mbili na kunenepa katikati, mfano wa mbegu ya boga iliyoangukia vumbi.

Umekaona tangu ukiwa mdogo. Pengine ulidhani ni tope, ama ganda la kitu kilichokufa, ama kinyesi cha mjusi kilichokauka. Halafu siku moja umelala zako chali, simu imeisha chaji, ukaona tope limesonga. Milimita chache. Likatulia. Likasonga tena.

Hapo ndipo wasee hugawanyika. Kuna wa kukaponda na slipa mara moja. Kuna wa kukimbia dukani kununua dawa ya kupuliza. Na kuna wa kupiga picha na kuituma kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti akiuliza, "Hii ni nini jameni?" Majibu huja mengi, na karibu yote ni ya kutisha: eti ni mdudu anayeuma usiku, eti huingia masikioni, eti kuna mtu amekutumia. Hakuna hata moja lililo kweli. Hanyonyi damu, hana sumu, na hana haja yoyote na sikio lako.

Aliye mle ndani ni kiwavi, mtoto wa nondo. Si zile nondo za fundi wa mjengo. Ni nondo mdudu, yule binamu wa kipepeo anayezunguka taa usiku. Jenasi yake inaitwa Phereoeca, na watu wa nchi za joto kutoka Florida hadi Sri Lanka wanaishi naye kwenye kuta zao vile vile unavyoishi naye wewe. Ana spishi kadhaa zinazofanana mno, kiasi kwamba hata wataalamu wamezichanganya mara nyingi, kwa hivyo tusibishane ni ipi hasa iliyo chumbani kwako. Tabia zao ni zile zile.

Nyumba yenye milango miwili

Mfikirie kama mtu aliyejishonea hema, akaliingia, na tangu siku hiyo hatoki nje mzima mzima mpaka awe mkubwa. Hema lenyewe ni la hariri, uzi anaoutoa mwenyewe mdomoni, na nje amelibandika vumbi na chembe za mchanga. Likikamilika lina urefu wa milimita 8 hadi 14 na upana wa milimita 3 hadi 5. Kila ncha ina mlango, mpasuko mwembamba usioonekana mpaka mwenyewe achungulie.

Anapotaka kutembea hutoa kichwa cha kahawia na miguu sita ya mbele, anashika ukuta, anavuta, na nyumba inafuata nyuma. Akitaka kurudi alikotoka hahangaiki kugeuza nyumba. Anageuka yeye humo ndani, anatokea mlango wa pili, na safari inaendelea. Matatu ingekuwa hivyo, hakuna makanga angepiga kelele stejini akimwongoza dereva kurudi nyuma.

Mbona ajisumbue hivyo? Ukimtoa ndani (usimtoe, nakueleza tu) utaona ni sehemu ya mbele pekee iliyo na mabamba magumu ya kahawia mgongoni. Mwili uliobaki ni mweupe na laini kama wa funza. Sisimizi wachache wangemmaliza kabla chai haijachemka.

Anavyojenga ndio mambo yenyewe. Kiwavi aliyetoka tu kwenye yai huanza na tao. Anachukua chembe za vumbi, anazishikanisha kwa uzi wa hariri, na kuzikaza chini upande huu na upande ule kama daraja dogo, yeye akiwa chini ya daraja. Kisha anaongeza chembe kandokando mpaka daraja linageuka handaki. Mwisho anaziba upande wa chini, anaachana na sakafu, na sasa ana bomba lake la kutembea nalo. Ndani limepakwa hariri safi, nje ni takataka tupu. Kila anapokua na kujivua ngozi, nyumba humbana, basi huirefusha na kuipanua. Hahami. Anaongeza chumba.

Vifaa vya ujenzi ni chochote kilicho karibu: mchanga, udongo, nyuzi za nguo, nywele, vinyesi vya wadudu wengine, vipande vya mbu na sisimizi waliokufa, hata chembe za kutu ya chuma. Hiyo ya mwisho hunifurahisha kila nikiifikiria. Kwenye Mathayo sura ya 6 nondo anatajwa pamoja na kutu kama waharibifu wa mali ya watu. Huyu wetu ameiokota kutu yenyewe na kujengea nyumba.

Ndiyo maana vifuko havifanani. Chumba chenye udongo mwekundu mlangoni kinaweza kukupa kifuko chenye wekundu fulani. Ukuta wa simiti usiopakwa rangi hukupa cha kijivu. Ukikichukua ukakiangalia kwa kamera ya simu iliyovutwa karibu, unasoma orodha ya kila kitu ambacho hukufagia.

Anakula nini kwako

Familia yao kubwa, Tineidae, ina zaidi ya spishi 2,000 duniani, na nyingi zimejifunza kazi ambayo wanyama wachache sana wanaiweza: kumeng'enya keratini. Keratini ndiyo inayotengeneza nywele, kucha, manyoya ya ndege, sufu ya kondoo na pembe. Tumbo lako haliiwezi. La simba pia haliiwezi. Ndiyo maana kinyesi chake kimejaa nywele za swara.

Kama umewahi kuona fuvu la nyati porini, pengine uliona pembe zake zimetokwa na vibomba vya udongo kama vidole vilivyojikunja. Huyo ni ndugu yao, Ceratophaga vastella, ambaye viwavi wake hutoboa na kula pembe za wanyama waliokufa. Bila wadudu kama hao, pembe na kwato zingejazana nyikani miaka nenda miaka rudi.

Huyu wa ukutani ana tumbo la kawaida zaidi. Chakula anachokipenda ni utando wa buibui, hasa ule mzee ulioachwa, pamoja na mizoga midogo iliyonaswa humo. Wadudu waliokufa anakula. Nywele zilizoanguka anakula. Hata vifuko vilivyoachwa na wenzake huvitafuna. Si jambo la kujivunia, lakini ndivyo alivyo. Na sufu anaipenda sana.

Hapo kwenye sufu ndipo urafiki wetu unapoingia doa. Fulana yako ya pamba na suruali yako ya jinzi haziko kwenye menyu. Sweta la sufu liko. Blanketi la sufu alilokuachia nyanya liko. Koti la suti la sufu ulilolipata kwa mtumba, ukalitundika kwenye kona ukisubiri siku ya intavyuu, liko. Na ninyi wenye wigi za nywele halisi za binadamu, kumbukeni kwamba hiyo ni keratini mwanzo hadi mwisho. Ya plastiki hawezi kuitafuna; ile ya bei mbaya ndiyo ya kufungia kwa mfuko.

Tofautisha hapa, kwa sababu watu huwatupa wote kapu moja. Kuna nondo wengine wa familia hii hii wanaoishi kabatini kazi yao ikiwa kutoboa nguo, na mmoja wao, Tinea pellionella, pia hubeba kifuko. Cha kwake huwa kidogo, kama punje ya mchele, na huchukua rangi ya nguo anayokula: sweta jekundu, kifuko chekundu. Ukiona vya aina hiyo ndani ya sanduku la nguo, shughulika haraka. Yule wa mbegu ya boga anayetambaa juu ya ukuta hula zaidi uchafu wako kuliko nguo zako, ila akikutana na sufu imesahaulika, hatakuomba ruhusa.

Siku sabini na kitu

Sasa tuhesabu maisha yake. Maelezo bora niyajuayo yanatoka Panama, ambako mtafiti Annette Aiello alifuga spishi iitwayo Phereoeca allutella na kuchapisha alichokiona mwaka 1979. Aliwalisha mbu waliokufa na vifuko vyao vikuukuu, na wakakua vizuri tu.

Jike hutaga mayai kwa muda wa kama wiki moja. Anaweza kufikisha 200, kila moja likiwa na upana wa kama milimita 0.4, la rangi ya samawati iliyopauka, limegundishwa kwenye uchafu ulio katika nyufa na pale ukuta unapokutana na sakafu. Akimaliza kutaga, naye amemaliza; anakufa.

Baada ya kama siku 10 mayai huanguliwa na ujenzi wa daraja unaanza. Maisha ya kiwavi huchukua kama siku 50, akijivua ngozi mara kadhaa na kuongeza chumba kila mara. Huu ndio wakati unaomwona. Yote anayoyafanya, kula na kupanda na kukwama kwenye swichi, anayafanya katika hizo wiki saba.

Kisha inafika siku ya kupanda. Anatafuta mahali wima, mara nyingi juu, na kukaza kifuko chake kwa hariri ncha zote mbili ili kisidondoke. Mlango mmoja anaukata kingo ili uwe kama kizibo bapa, wa kusukumwa kutoka ndani na usiofunguka kirahisi kutoka nje. Halafu analala na kugeuka pupa, kwa wastani wa siku 16 hivi. Ukiona kifuko kimekaza ukutani na ngozi nyembamba ya kahawia imechungulia mlangoni, usijisumbue kukipulizia dawa. Mwenyewe alishahama.

Anayetoka ni nondo mdogo wa kijivu mwenye madoadoa machache meusi kwenye mbawa za mbele na nywele ndefu kama ufagio kwenye ukingo wa mbawa za nyuma. Jike akikunjua mbawa hufika milimita 10 hadi 13 tu. Dume ni mdogo zaidi. Pengine hujawahi kumtambua, maana hapendi kujionyesha. Hupumzika ukutani, kandokando ya sakafu, ama juu ya utando mzee wa buibui. Ukijumlisha, kutoka yai hadi nondo ni wastani wa siku 74.

Lakini sio wote wanaofika. Kuna nyigu mdogo sana wa jenasi Apanteles ambaye hutaga ndani ya mwili wa kiwavi. Mtoto wa nyigu humla mwenye nyumba polepole, kisha anatoka nje na mbawa zake. Kwa hivyo unaweza kukiwekea macho kifuko kwa wiki mbili ukingoja nondo, ukatokewa na nyigu.

Bungoma sio Kitale

Hesabu ya Panama ni ya joto na unyevu, na wadudu huendeshwa na hali ya hewa. Bungoma iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kitale ni kama mita 1,900. Ukitoka Webuye kupitia Misikhu, Kamukuywa na Kiminini unaisikia tofauti kwenye shingo kabla hujafika. Kwa mdudu asiyeweza kujipasha joto mwenyewe, baridi ya Kitale humaanisha kukua polepole. Usishangae wako wakizidisha hizo siku 74.

Mnachoshiriki pande zote mbili ni unyevu. Mvua huanza kama Machi au Aprili na kukokota mpaka karibu na mwisho wa mwaka, na nyumba nyingi za kupanga zimejengwa zikibanana hivi kwamba dirisha lako linaangalia ukuta wa jirani. Huyu kiwavi hawezi kukamilisha maisha yake bila hewa yenye unyevu mwingi. Chumba kikiwa kikavu chenye upepo, hastawi. Kwa hivyo ukihesabu vifuko ishirini kwenye bedsita moja, mdudu anakwambia jambo ambalo landilodi amekataa kukubali: paa linavuja, ama bomba limepasuka ndani ya ukuta, ama nyumba haina hewa. Piga picha vifuko pamoja na ile ramani ya ukungu ukutani, umpelekee zote.

Katika maeneo haya nondo ana jina baya, na ninaelewa sababu. Hapa ni nchi ya mahindi. Kampuni ya Kenya Seed yenyewe ilianzia Kitale mwaka 1956. Kila mtoto wa mkulima anamjua kiwavi atobowaye bua, mtoto wa nondo aitwaye Busseola fusca. Mwaka 2017 likaja viwavijeshi vamizi kutoka Marekani, na Trans Nzoia na Bungoma zikawa miongoni mwa kaunti zilizoumia mapema. Ghalani kuna nondo mwingine anayeacha punje ikiwa ganda tupu. Ukikulia hapo, ukisikia "nondo" mkono wako unaenda kwenye dawa wenyewe.

Na hapo kwenye dawa ndipo ningependa unisikilize vizuri.

Dawa ya kupuliza kwanza. Kiwavi akihisi hatari hujirudisha ndani na milango inajifunga. Unachokuwa umepulizia ni vumbi na hariri. Wewe, kwa upande mwingine, huna kifuko. Unalala, unapika na kupumulia kwenye chumba hicho hicho cha futi kumi kwa kumi, na utando wa buibui aliokuwa akiula bado uko palepale ukimsubiri wa kesho. Kuna hata wanaobeba dawa ya shambani iliyobaki kwenye mahindi na kuja kupuliza nyumbani. Usifanye hivyo, tafadhali. Hiyo haikutengenezwa kwa mahali mtu anapolala.

Pili ni vile vitufe vyeupe vyenye harufu kali, nafthalini, ambavyo wachuuzi huuza na sisi hutupa kwenye masanduku, kabati na hata choo. Nafthalini inafanya kazi kwa kugeuka mvuke, na mvuke huo huua nondo ukiwa mwingi ndani ya chombo kilichofungwa kabisa. Ukiweka vitufe viwili kwenye kabati lisilofunga vizuri, mvuke haufiki kiwango cha kumuua mdudu. Unabaki chumbani mkiuvuta ninyi.

Kwa watu wengi hiyo ni maumivu ya kichwa tu. Kwa wengine ni hatari ya kweli. Kuna hali ya kurithi iitwayo upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Iko zaidi katika maeneo ambako malaria imekaa kwa vizazi vingi, na magharibi mwa Kenya ni mojawapo. Mtu anaweza kuwa nayo maisha yote bila kujua, hasa mwanamume. Akikutana na nafthalini, chembe zake nyekundu zinaweza kupasuka: macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, damu inapungua. Watoto wachanga ndio wanaoumia vibaya zaidi, na imeshaandikwa mara nyingi na madaktari kwamba walivalishwa tu nguo ama kufunikwa blanketi lililohifadhiwa na vitufe hivyo. Sasa fikiria desturi yetu: shali nzuri ya mtoto inatunzwa sandukuni na nafthalini, dada anajifungua, shali inatolewa siku hiyo hiyo na kumzunguka mtoto wa siku tatu. Kama kuna kitu kimoja kwenye makala hii cha kumtumia mathe leo, ni hicho. Mtoto akianza kuwa wa manjano baada ya hapo, ni hospitali bila kungoja kuche, na mwambie daktari kuhusu nafthalini. Tena vitufe hivyo hufanana na peremende, na mtoto anayetambaa hajui tofauti.

Kinachofanya kazi ni ufagio mrefu. Ondoa utando wote wa buibui, kwa sababu hapo umeondoa chakula na kitanda kwa wakati mmoja. Vifuko vitoe kwa mkono, haviumi, uvitupe nje mbali. Sogeza kitanda na kabati ufagie pale ukuta unapokutana na sakafu, kwa sababu mayai yako huko, wala sio juu unakoangalia. Kama wewe ni msusi na unafanyia kazi nyumbani, nywele za chini zisilale. Fungua madirisha mchana. Sufu yako itoe juani, ikung'ute na kuipiga brashi, hasa chini ya kola na ndani ya mishono, kisha ifue na kuifungia kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Nguo ambayo unashuku tayari ina wageni, na una rafiki mwenye friza, ifunge kwenye plastiki na kuiacha humo wiki nzima. Mwambie rafiki ni nguo, asije akaipika.

Mtu aliyewakusanya

Ukiwa Kitale na una mchana mmoja bila kazi, nenda makumbusho, nje kidogo ya katikati ya mji. Wengi wanapajua kwa nyoka, kobe na ile njia ya kutembea ndani ya msitu. Wachache wanajua kwamba mwanzo wake ni wadudu. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mpenda viumbe aliyeishi Kitale, alianza kukusanya wadudu mwaka 1894 akiwa bado mtoto na hakuacha mpaka alipofariki mwaka 1966. Mwaka 1926 alifungua makumbusho yake binafsi hapo Kitale. Katika wosia wake aliiachia Kenya mikusanyo yake pamoja na fedha za kujenga jengo jipya, na Desemba 1974 likafunguliwa likiitwa Makumbusho ya Kitaifa ya Magharibi mwa Kenya.

Unaweza kuwa na maneno yako kuhusu Wazungu waliokalia ardhi ya Trans Nzoia enzi hizo, na una haki kuyasema. Lakini miaka 72 ya kuangalia wadudu bila kuchoka si mchezo, na wewe una kitu ambacho yeye hakuwa nacho: kamera mfukoni inayoweza kurekodi kiwavi akijenga tao dakika kwa dakika. Kuhusu vipepeo wakubwa wa rangi mengi yameshaandikwa. Kwa hawa wadogo wa ukutani, hasa wa upande wetu, bado kuna nafasi kubwa ya mtu kukaa chini na kuhesabu siku.

Ukitaka kujaribu, chukua mtungi wa kioo wa jemu, uoshe na kuukausha. Tafuta kifuko kinachotembea, sio kilichokaza, maana hicho huenda ni kitupu. Kitie ndani pamoja na kipande cha utando mzee wa buibui, mbu kadhaa waliokufa, na kipande cha karatasi kilicholowa kwenye kona ili hewa isikauke. Ongeza nyuzi chache za sufu nyekundu uone kama atazitumia pale mlangoni anapoongeza chumba. Funika kwa kitambaa chembamba kilichofungwa na raba, andika tarehe kwenye kioo, na uweke mbali na jua. Halafu mwambie unayeishi naye kilichomo, kabla hajaufungua akidhani ni kitu cha kupaka mkate.